Soma Ukiwa Umesimama

Mwanangu Hamisi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Tangu ulipopata kiharusi, zipo siku nyingi ambazo nilikuwa na furaha. Niliificha. Watu walikuja kutupa pole, wakakaa mkekani wameshika tama, na mimi nikawa napita na sinia la chai nimeinamisha uso wasije wakaniona. Zamani nilikuwa naujua mgongo wako tu. Ulitoka kwenda Kariakoo kabla sijaamka, ukarudi umechoka, ukaoga, ukala, ukalala. Ugonjwa ndio ulionipa baba wa kuzungumza naye. Nikawa namwomba Mungu akuponye, halafu chini kwa chini namwomba asiharakishe.

Kesho unaondoka. Tangu asubuhi najiuliza kama aliisikia ile dua ya chini kwa chini.

Nakuita mwanangu kwa sababu wewe ndiye uliyeanza. Uliponipa jina la marehemu mama yako, Bi Esha, ulinipa na cheo chake. Tangu nikiwa mdogo ulikuwa ukirudi kazini unasimama mlangoni unasema, "Shikamoo mama," nami najibu, "Marahaba mwanangu, umeniletea nini?" Mama anasema tumefanana kwa upuuzi. Leo nakuandikia kwa cheo hicho, kwa sababu kama Esha wa kidato cha nne sitaweza. Unanijua. Mwalimu akinitaja jina darasani natokwa jasho hata kama jibu ninalo. Nikikwambia haya usoni nitaishia katikati ya sentensi ya kwanza.

Habari za dawa sitaandika. Mama amezifunga na amemweleza baba mkubwa Selemani mpaka kaka yako wa watu amechoka kuitikia. Ninachoomba ni kwamba barua hii usiisome umekaa wala umelala. Isome umesimama, ukuta uwe nyuma yako, kidole kimoja kiguse meza. Soma kipande kidogo, miguu ikichoka ikunje, kaa. Jioni soma kingine. Nimeiandika ndefu kwa makusudi.

Nilikuona kazini mara moja tu maishani. Ulikuwa umesahau simu nyumbani, Mama akanituma niilete. Nikasimama chini ya ngazi za lile ghorofa la stoo za vitenge, napigwa vikumbo, sijui nimuulize nani. Mara nikasikia wabeba mizigo wenzako wanapiga kelele, "Pisha! Pisha! Winchi inapanda!" Nikakuona; kumbe Winchi ni wewe. Ulikuwa na majora ya vitenge kichwani juu ya ngata, marefu kuliko mimi, unapanda zile ngazi nyembamba, na mikono yako yote miwili haijashika kitu. Yaani haijashika mzigo. Ulikuwa unamenya chungwa. Ukafika kwenye kona, ukageuka na mzigo wote, ganda la chungwa likaning'inia bila kukatika.

Mtu huyo ndiye aliyerudi kutoka hospitali na fimbo, akashindwa kuvuka kizingiti cha chumba chetu.

Unamkumbuka yule dada wa mazoezi pale hospitali? Mwembamba, anaongea taratibu kama anasoma taarifa ya msiba. Alikusimamisha mbele ya dirisha, akakuambia uweke miguu pamoja. Kisha uweke kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine. Kisha unyanyue mguu mmoja, mkono ukiwa karibu na dirisha. Ukaninong'oneza, "Mama, hivi kusimama nako kunafundishwa?" Yeye akasikia, akacheka. Akaniambia mimi, "Dakika chache asubuhi, dakika chache jioni, kila siku. Usimchoshe. Mwili wake umesahau njia, wewe unamkumbusha tu."

Nilimsikia vizuri kabisa, nikafanya kinyume chake.

Nilikufanya mtihani, mwanangu. Sisi wanafunzi tuna tabia moja mbaya: wiki nzima hatugusi kitabu, halafu siku moja tunapiga msuli toka asubuhi mpaka macho yanavimba, tukiamini tumefidia. Siku za shule nilikuwa nakuacha umelala, najiambia Jumamosi ipo. Jumamosi ikifika nakutembeza kwenye ukumbi wa nyumba, milango ya wapangaji huku na huku, kisigino vidole, kisigino vidole, kwenda na kurudi, na mimi nahesabu kwa sauti kama mwalimu wa paredi. Siku ile uliniambia, "Mama, miguu imeshakuwa uji." Nikasema, "Bado kidogo, mwanangu." Ukaenda hatua nyingine, ukaangukia ndoo za Mama Rehema mlangoni kwake.

Akatoka na upawa mkononi. "We Esha! Baba wa watu mgonjwa, unamfundisha sarakasi? Kiingilio shilingi ngapi?"

Wapangaji wakacheka. Na wewe ukacheka, ukiwa bado chini kwenye maji. Lakini tangu hapo kila niliposema twende ukumbini ulikuwa unatazama sakafu kwanza. Miguu yako haikuwa imekosa nguvu tu. Sasa ilikuwa na hofu pia, na hofu hiyo niliitia mimi. Nilifikiri bidii ni wingi. Nilikuwa namaliza kiu yangu mimi, ya kuona umepona mbele ya macho yangu siku hiyo hiyo.

Ndipo tukahamia bombani. Hilo halikuwa wazo langu la akili. Nilikuwa nachelewa shule tu na sikuwa na muda mwingine. Nikakupa mswaki, nikachukua wangu, tukasimama uani pembeni ya bomba, mkono wako mmoja kwenye ukuta, mguu mmoja juu. Tunapiga mswaki tukiwa hivyo, tunabadilisha mguu, tunasukutua, basi. Imekwisha. Mama akawa anapita na ndoo zake kwenda Feri kununua samaki wa kukaanga, anatutazama, anatikisa kichwa. "Nyumba ina korongo wawili, wa kuteka maji hayupo."

Na jioni, wakati karai lake la samaki linachemka barazani, tunafuata ule ufa wa saruji ukumbini, mara moja kwenda, mara moja kurudi. Mama Rehema alizoea mpaka akawa anaziondoa ndoo mwenyewe, ananung'unika, "Haya, ndege inatua."

Ilikuwa kidogo sana mpaka nilikuwa naona aibu kuiita mazoezi. Lakini mkono wako ukutani ukawa kiganja, kisha vidole, kisha kidole kimoja, kisha siku moja nikaona kuna nafasi kati ya kidole na ukuta. Sikusema kitu. Niliogopa ukijua utaanguka.

Siku hizo nami nilikuwa najijaribu peke yangu, sikukuambia. Nilitaka kujua unasikia nini. Nikawa nasimama mguu mmoja nyuma ya pazia, nafumba macho. Baba, ni vigumu! Nilidhani mtu mwenye mwili mzima anasimama kama nguzo. Kumbe kifundo cha mguu hakipumziki hata kidogo. Kinavuta huku, kinavuta kule, vidole vinakamata chini kama vinaogopa kuibiwa sakafu. Nikaelewa kwamba kusimama si kutulia. Kusimama ni kuanza kuanguka na kujirudisha, kuanza kuanguka na kujirudisha, upesi mpaka watu hawaoni. Kwako sasa inaonekana, basi. Hiyo tu ndiyo tofauti yako na wao.

Natamani ningekuwa nimekuambia hivyo kabla ya ile Jumamosi ya Kariakoo.

Ulikuwa umeamka na furaha. Ukavaa shati lako la sikukuu ya Idi, ukasema unakwenda kuwasalimia wenzako, fimbo ukaiacha nyuma ya mlango. Ukaniambia nikae nyuma yako kidogo, isionekane kama naongozana na mgonjwa. Ulitembea vizuri mpaka karibu na stoo. Kisha bodaboda akapiga honi ubavuni kwako, ukageuza kichwa ghafla, mwili ukafuata kichwa, ukaenda upande upande mpaka ukakanyaga soksi za kijana aliyezitandaza chini akiuza.

"Mzee vipi, mapema yote hii umeshapiga moja?"

"Mwache bwana, wikiendi hiyo!"

Na yule mwenzako mnene, ambaye kwa kweli hakuwa na ubaya, alikuona kwa mbali, akapiga kelele, "Jamani, Winchi imekatika kamba!" Kumbe alikuwa anakuja kukukumbatia.

Wewe, ambaye hujawahi kuonja hata togwa iliyochacha.

Mimi nilikuwa hatua chache nyuma yako. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni: Baba yangu si mlevi, alipata kiharusi, na leo ametembea kutoka nyumbani bila fimbo. Nilikuwa nayo imekamilika, na nukta yake mwisho. Sikuitoa. Niliinama nikaanza kuziokota soksi za yule kijana, moja moja, nazipanga jozi jozi, ili nisiangalie uso wako.

Jioni ile hukuja kwenye ufa. Asubuhi hukuja bombani. Ukamwambia Mama, "Mjini mtu akiyumba ni mlevi. Kijijini akiyumba ni mgonjwa. Bora nikawe mgonjwa." Ukampigia simu kaka yako huko Nachingwea aje akuchukue. Kwangu ukasema unaondoka ili nisome, mtihani wa mwisho uko karibu na siwezi kuwa mwanafunzi na muuguzi kwa wakati mmoja. Nilijua hiyo si sababu. Nikaitikia tu.

Baba mkubwa amekuja na korosho na mapenzi. Ni mtu mwema mpaka inauma. Tangu alipofika hujashika kikombe chako mwenyewe. Ukijisogeza tu, anasema, "Kaa, mdogo wangu, kaa. Mimi niko hapa kwa kazi gani?" Anakumenyea ndizi. Anakuvalisha kandambili. Kwenda chooni anakubeba mgongoni, anapita nawe kwenye ukumbi ule ule wetu, miguu yako inaning'inia juu ya ufa wetu. Wapangaji wanasema, "Huyo ndiye ndugu." Mama anamshukuru, na ana haki, mwaka huu umemzeesha.

Jana asubuhi nilikuletea mswaki, nikasema, "Twende bombani, mwanangu." Ukasema, "Kaka ataleta maji kwenye beseni." Nikakubembeleza mpaka ukakubali kusimama tu pale pembeni ya kitanda. Uliona mwenyewe. Ulirudi kukaa kabla sijamaliza kufungua dawa ya meno. Siku chache tu, Baba. Yale yote ya bombani, vidole, kidole, nafasi ile ndogo ya ukuta, yameanza kuondoka kwa siku chache tu.

Ndiyo maana usiku huu siwezi kufungua kitabu. Naogopa. Siogopi uanguke huko. Naogopa usianguke kamwe, kwa sababu hakuna atakayekuacha usimame.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia habari za Bi Esha, siku moja bombani, povu la dawa ya meno mdomoni. Kwamba aliteleza kisimani. Hakuvunjika, alivimba nyonga tu. Lakini nyinyi wanawe mlimpenda, mkamkataza kuinuka. Asubuhi mlimbeba mpaka upenuni, jioni mkamrudisha ndani. Mwanzoni alikuwa anasema, "Niacheni nijaribu," nanyi mkamjibu, "Mama, umetulea vya kutosha, sasa pumzika." Watu wakawasifu. Baadaye akaacha kusema. Na siku mlipotaka ajaribu, alishindwa. Ulitema povu, ukaniambia, "Nilimbeba mpaka miguu yake ikasahau ardhi." Kisha ukabadilisha mguu, ukaendelea kupiga mswaki, na mimi nikajifanya naangalia maji.

Mwanangu, mimi ndiye ninayebeba jina la yule uliyembeba. Nakuomba. Sina neno jingine la kitabuni la kuongeza hapo. Nakuomba usikubali.

Watakupenda sana kule. Watoto watatumwa wakuletee maji, shemeji zako watakutandikia mkeka penye upepo, na kukataa utaona haya kwa sababu ni heshima. Usikatae yote. Kubali chakula, kubali mkeka. Ila asubuhi, wakati wa mswaki, uwe wako. Huo tu. Na ule wa jioni kabla ya magharibi, hatua chache kando ya ukuta, mtu awe karibu yako. Usingoje siku utakayojisikia vizuri. Ile ya kujisikia vizuri ndiyo iliyotupeleka Kariakoo bila fimbo. Na ikipita siku hukufanya, usiilipe kesho yake kwa kufanya maradufu. Hilo kosa nimeshalifanya mimi kwa niaba yetu wote wawili. Anza tena na kidogo kile kile.

Na wakikucheka, Baba, ujue hata mimi wananicheka shuleni nikisoma kwa sauti, kwa sababu inatetemeka. Tangu tulipoanza bombani nilijiwekea kitu kama chako: kila siku niseme jambo moja darasani, hata kama ni kuuliza ukurasa. Moja tu. Sijapona. Bado natokwa jasho. Lakini wiki iliyopita nilijibu swali na kukaa chini kabla sijakumbuka kuogopa.

Mimi kila asubuhi nitakuwa pale bombani, mguu mmoja, kabla ya shule. Sitakuona na hutaniona. Kama nawe umesimama saa ile, tutakuwa tumesimama wote. Kama umelala, nitakuwa nimesimama peke yangu, na sijui nitaweza hivyo kwa muda gani.

Hapo niliweka kalamu chini, nikatoka. Nimerudi sasa kukuandikia nilichofanya, maana ulikuwa umeshalala na hukusikia.

Nilikwenda barazani. Baba mkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda anakunywa kahawa, Mama anamalizia kukaanga samaki wa wateja wa mwisho. Nikasema, "Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Hujalala? Safari ni alfajiri."

Nikasimama. Nikasema, "Baba mkubwa, naomba leo nisizungumze kama mtoto wako. Mimi naitwa Esha."

"Najua unaitwa Esha."

"Jina la nani?"

Mama akageuka na upawa. "We mtoto, una nini leo?" Baba mkubwa akainua mkono kumnyamazisha, akaweka kikombe chini.

Nikasema, "Selemani mwanangu, mlinibeba mpaka miguu yangu ikasahau ardhi. Mdogo wako msimbebe."

Sauti ilitetemeka yote, lakini ilifika mwisho. Samaki wa Mama akaanza kuungua, wala hakumgeuza. Baba mkubwa akatazama miguu yangu. Kisha akauliza, "Hamisi ndiye aliyekuambia?" Nikasema ndiye. Akasema, "Asubuhi ilikuwa zamu yake. Mimi nilikuwa nambeba jioni." Akajifuta uso kwa kofia yake. Halafu akaniambia, polepole, "Shikamoo mama."

Nikaitika marahaba. Sijui kama alinisikia.

Nikamwonyesha. Nikamsimamisha pembeni ya nguzo ya baraza, nikamwambia anyanyue mguu mmoja. Akayumba, akadaka nguzo, Mama akacheka na machozi. Nikamwambia anatakiwa akae ubavuni kwako, mikono tayari, bila kukugusa. Akauliza, "Na akianza kuanguka?" Nikasema, "Mdake. Lakini usimdake kabla." Akasema, "Hilo ndilo gumu, mama." Hakuahidi. Nilisubiri aahidi, hakuahidi.

Nikarudi chumbani. Wewe ulikuwa umelala upande wa ukuta. Fimbo nimeiweka pale mkono wako unapofika. Barua hii nikishaikunja naifunga pamoja na mswaki wako, naviweka kwenye kiti cha mlangoni, upande wa pili wa chumba. Nimemwomba baba mkubwa asikuletee.